Imepakuliwa Mara 41,306

"Serikali ya Jamhuri Tukufu ya Shwari, kwa furaha isiyo kifani na kwa unyenyekevu wake unaojulikana duniani kote, inawatangazia wananchi wote, walioko nyumbani na walioko safarini, kwamba njaa imefutwa rasmi nchini kuanzia leo Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi. Mwananchi yeyote atakayekutwa na njaa baada ya muda huo atahesabiwa kuwa anayo kwa hiari yake mwenyewe."

Tangazo hili tulisomewa paredi na Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Tryphonia Nsemwa, ambaye husoma kila kitu, hata orodha ya ndoo zilizopotea, kwa sauti ya ibada ya Ijumaa Kuu. Ilikuwa saa nne. Uji wa saa moja ulikuwa haujatoka kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Alipofika kwenye neno "hiari," wavulana wawili wa kidato cha kwanza walianguka, mmoja baada ya mwingine. Tukawabeba hadi kivulini na kuwashauri waache hiari.

Mimi nasimulia tu. Jina langu ni Kastuli, kidato cha tatu, mkondo wa B. Asubuhi ile nilikuwa mstari wa nne, nimechomekea shati kama sheria inavyotaka, na sihusiki kwa namna yoyote na mambo yaliyofuata.

*

Nchi nyingine hufuta njaa kwa kulima. Shwari ni nchi ya kisasa. Iliunda Wizara ya Mtandao na Shibe, ikamkabidhi Mheshimiwa Dokta Evarist Mgodoka, ambaye udokta wake ulikuwa wa heshima, naye akauheshimu kiasi cha kutosoma kitu kingine tangu aupate.

Mheshimiwa aliamuru ijengwe tovuti. Kamati ya Ujenzi wa Tovuti ilikaa miezi kumi na minne. Wajumbe wake wote kumi na tisa walikuwa mainjinia wa barabara, kwa kuwa barua ya uteuzi ilisema "ujenzi" na hakuna aliyesoma mbele ya hapo. Walipima kiwanja. Waliweka jiwe la msingi. Walijenga uzio, kibanda cha mlinzi, na vyoo sita vya wageni, maana walikuwa wameambiwa kwamba tovuti itatembelewa na watu wengi kwa siku. Tovuti yenyewe ilikumbukwa siku moja kabla ya uzinduzi. Ikatengenezwa alasiri moja na karani wa masjala aliyewahi kusomea kompyuta kwa wiki sita.

Ukiifungua, ulikuta picha ya Mheshimiwa akitabasamu, chini yake picha ya sahani ya wali na kuku, na chini ya kuku kitufe chekundu kilichoandikwa PAKUA. Ukibofya, ilishuka karatasi: Fomu Namba Saba ya Maombi ya Unga. Mwenye njaa alitakiwa aichapishe, ajaze nakala tatu na kuzipeleka wilayani zigongwe muhuri. Baada ya hapo lori la unga lingekuja. Chini kabisa ya ukurasa palikuwa na hesabu iliyojiongeza yenyewe kila kitufe kilipobofywa: Imepakuliwa mara 5. Imepakuliwa mara 6.

Wiki ya kwanza Mheshimiwa alitazama hesabu ile akaona mia mbili na kumi na mbili. Akafurahi. Akaagiza iandikwe kwenye taarifa ya Bunge kwamba sahani mia mbili na kumi na mbili za chakula zimekwisha kupakuliwa.

Mshauri wake wa kompyuta, mtu mwembamba mwenye mke na watoto, alijikohoza. Alieleza kwa heshima kwamba kilichopakuliwa ni fomu. Kwa lugha ya kompyuta, alisema, kupakua ni kushusha kitu kutoka mtandaoni kikaingia kwenye mashine yako.

"Kijana," Mheshimiwa akamwuliza, "kwenu mama yako akisema anapakua, anapakua nini?"

"Chakula, Mheshimiwa."

"Kikishapakuliwa kinafanywaje?"

"Kinaliwa, Mheshimiwa."

"Basi usinifundishe Kiswahili."

Mshauri alihamishiwa idara ya kuhesabu viboko ziwani, na tangu siku ile hakuna mtumishi wa umma katika Jamhuri ya Shwari aliyesikika akijikohoza. Kila aliyebofya alihesabiwa kuwa amekula. Kila wilaya ikawa na idadi yake ya sahani, na wilaya iliyotimiza idadi ya watu wake ilifutwa kwenye orodha ya malori, kwa kuwa ilikuwa imeshiba.

*

Kazi ya kuitangaza tovuti ilipewa nguvu kuliko tovuti. Vilichapwa vitenge vyenye anuani yake. Ulitungwa wimbo, ukapigwa redioni kila baada ya taarifa ya habari hadi watoto wakaanza kulala nao. Akakodiwa Bi Rukaiya Mng'aro, mtu mashuhuri wa mtandaoni mwenye wafuasi laki nane, apigwe picha akimlisha mzee mmoja uji kwa kijiko. Mzee alimeza kabla mpiga picha hajawa tayari. Wakarudia mara tatu, naye akameza mara tatu. Mara ya nne wakampa kijiko kitupu, na picha ikatoka vizuri sana. Watu laki moja na nusu waliiwekea alama ya moyo. Bi Rukaiya aliandika chini yake kwamba amebarikiwa.

Na waliosema hawajala? Hao nao walihudumiwa. Wizara ilikuwa na kikosi cha vijana wa hamasa waliokaa chumba chenye kiyoyozi, kila mmoja na simu nne, na kazi yao ilikuwa kujibu. Ukiandika "Huku kwetu hakuna unga," ndani ya dakika mbili ulikuwa umeitwa msaliti, mvivu, mgonjwa wa akili na mtoto wa nje ya ndoa, wakati mwingine na mtu yuleyule kwa majina manne.

Kisha likaja shindano. Kila shule ya sekondari iliombwa ichague wilaya moja na kuhamasisha wananchi wake wapakue. Shule ambayo wilaya yake ingeongoza ingepata picha kubwa ya Mheshimiwa kwenye fremu, pamoja na pilau la ng'ombe mzima. Mwalimu Nsemwa alilisoma tangazo hilo kwa sauti ileile ya Ijumaa Kuu, lakini kwenye neno pilau sauti ilimkwama, naye akalirudia.

Klabu yetu ya kompyuta ina mashine kumi na mbili, tisa kati yake zikiwaka. Jumamosi iliyofuata, wakati wengine tukifua soksi mtoni, mtundu mmoja ambaye jina lake halijajulikana aliingia chumba cha kompyuta, akakaa kwenye mashine namba sita na kuandika programu ya mistari kumi na mmoja. Kazi ya programu hiyo ilikuwa moja: kubofya PAKUA, kisha kubofya tena. Mahali pa kuandika wilaya aliandika Mkavuni, akaiacha ikaendelea peke yake, akatoka akipiga mluzi.

Mkavuni ina watu elfu tisa na mia mbili, ukihesabu na waliohama. Jioni ile ilikuwa imepakua mara elfu arobaini na moja, mia tatu na sita.

Wanaomfahamu mtundu huyo, kama wapo, wanasema nia yake ilikuwa njema. Alitaka kuiaibisha serikali. Aliamini kwamba mtu mzima yeyote akiona wilaya kavu kuliko zote imekula mara nne zaidi ya watu wake, atacheka, kisha ataona haya, kisha atairekebisha hesabu nzima. Lilikuwa kosa la mtu aliyesoma bweni, ambako mwalimu akikamatwa amekosea kwenye ubao huwa anafuta.

Serikali haikuona haya. Mheshimiwa Mgodoka alisimama bungeni na kuipongeza Mkavuni kwa moyo wake wa kula. Shule yetu ikatangazwa mshindi. Ng'ombe alikuja kwa lori akiwa na utepe shingoni, na Jumapili iliyofuata bwalo lilinukia bizari hadi kwa walinzi wa getini. Tulikula. Sitaingia kwenye habari za nani aliongezwa mara ngapi.

*

Nina mama mdogo Mkavuni. Anaitwa Sikudhani, mdogo wake mama, mpishi wa uji katika shule ya msingi ya pale, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Uji huo ndio mlo pekee wa siku kwa watoto mia tatu na kumi, akiwemo binti yake Mwanaidi, mwenye miaka saba.

Mama mdogo alikuwa amefanya kila kitu kama inavyotakiwa. Alitembea hadi mjini ikachapishwe Fomu Namba Saba, akajaza nakala tatu, zikagongwa muhuri. Lori lilikwishapangwa. Lilikuwa limepakiwa magunia, dereva ana jina la Mkavuni kwenye karatasi, limefika nusu ya njia. Hapo simu ikapigwa kutoka wizarani kwamba Mkavuni imepitiliza kushiba, na lori likageuzwa barabarani.

Baada ya siku nane za kuwapa watoto maji ya moto yenye chumvi, mama mdogo alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliazima simu ya jirani, akamwomba ampigie picha sufuria la shule likiwa tupu, yeye amesimama pembeni na mwiko, akaiweka mtandaoni na maneno manne: Unga haujafika Mkavuni. Tunaomba.

Nusu saa haikupita, watu elfu sita ambao hawajawahi kumwona wakawa wanamjua kuliko mimi. Mmoja alisema sufuria ni kubwa mno kwa mtu mwaminifu. Mwingine aliikuza picha, akaona gunia nyuma ya mlango, akatangaza kwamba limejaa unga. Lilikuwa gunia la majivu. Mwingine alitaka kujua ametumwa na nani, na analipwa na nchi gani. Aliyejiita Mzalendo Asiyelala aliweka hesabu kutoka kwenye tovuti: Mkavuni, imepakuliwa mara 41,306. Akaandika kwamba mama huyu na wenzake wamekula chakula cha wilaya nne na bado wanalamba mwiko.

Hapo wakamwita Mlafi. Wakakata uso wake kwenye picha, mdomo ukiwa wazi kidogo kwa sababu alikuwa anamweleza jirani asimame wapi, wakatengeneza stika yenye maneno "Nimepakua, niongezeni." Stika ile ilizunguka Shwari yote. Ilifika hadi bwenini kwetu, kwenye simu ambazo kwa mujibu wa sheria za shule hazimo bwenini. Wavulana walitumiana kila mtu alipoomba kuongezewa maharage. Mimi niliipokea kutoka kwa rafiki yangu Bosko, nikacheka. Nilicheka kabla sijautazama uso vizuri. Baada ya kuutazama nilimwambia Bosko kwamba nina tumbo, nikaenda kulala saa kumi na moja jioni.

*

Likizo fupi ilinikuta Mkavuni. Siku ya pili lori likaja.

Watoto walilisikia kabla halijaonekana. Shule nzima ilitoka darasani bila kengele, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki, na mama mdogo akakoka moto kabisa ili wasipoteze muda. Wakashuka vijana watatu wenye suruali za michezo. Walikuwa wametumwa na Wizara, Kitengo cha Kuvimbiwa. Kwa kuwa takwimu zilionyesha Mkavuni inakula kupita kiasi, serikali ilikuwa imepatwa na wasiwasi juu ya afya za wananchi wake. Ndani ya lori mlikuwa na kamba mia tano za kuruka, katoni za vidonge vya kuvimbiwa, na bango lenye maneno TUPUNGUZE TONGE, TUJENGE TAIFA.

Mama mdogo aliuliza unga uko wapi. Kiongozi wao alimwambia kwa upole kwamba hamu ya kula ni ugonjwa, na hatua ya kwanza ya kupona ni kukubali.

Walipanga watoto mistari minne wakawarukisha kamba. Waliambiwa wahesabu kwa sauti ili video isikike vizuri. Walihesabu. Mwanaidi aliruka hadi kumi na saba. Kumi na nane aliitamka akiwa tayari yuko chini, kikombe chake kikibingirika kuelekea kwa mpiga picha, ambaye alikisogeza kwa mguu kisiharibu picha.

Zahanati ya Mkavuni ina muuguzi mmoja. Alimwangalia Mwanaidi, akamwangalia mama mdogo, akafungua daftari. Maradhi yaliyoruhusiwa kuandikwa kwa wilaya ile yalikuwa matatu, na yote yalihusu kula sana. Akaandika kuvimbiwa, akafunga daftari, kisha akatoa chupa yake mwenyewe ya chai na kumnywesha mtoto taratibu hadi ikaisha. Kwenye taarifa za serikali kidonge ndicho kilichomponya.

Kesho yake tulikwenda wilayani, mama mdogo, Mwanaidi na mimi, kuonana na Afisa Shibe wa Wilaya, Bwana Sapali. Alikuwa mtu mstaarabu. Alitukaribisha viti, akamwuliza mama mdogo hali ya nyumbani, kisha akaigeuza kompyuta yake ili tuone wenyewe.

"Mfumo unasema mmeshiba, mama."

"Na huyu mtoto je, bwana afisa? Unamwonaje?"

Bwana Sapali alimtazama Mwanaidi kwa muda. Nadhani alitaka kujikohoza. "Mtoto," akasema, "hayumo kwenye mfumo."

Alieleza kwamba hesabu haiwezi kupunguzwa na mtu yeyote, hata Mheshimiwa, kwa kuwa chakula kikishaliwa hakirudi chunguni. Njia ilikuwa moja tu. Kama aliyepakua angejitokeza na kukiri kwa maandishi kwamba amekula peke yake kilichokuwa cha wilaya, hesabu ingehamishiwa kwenye jina lake. Mkavuni ingebaki na sifuri, na lori la unga lingekuja ndani ya siku saba. Asipojitokeza, orodha ya malori ingefunguliwa tena mwakani. Fomu ya kukiri ilikuwepo. Ilikuwa kwenye tovuti. Tuipakue.

"Sasa mtu huyo tutampata wapi?" mama mdogo akauliza.

Bwana Sapali alisema hilo halimo kwenye mwongozo wake.

*

Ng'ambo ya ofisi ya wilaya pana kibanda cha intaneti chenye kompyuta mbili. Mama mdogo alisema tuijaze fomu hivyohivyo, mahali pa jina tuandike hajulikani, na yeye ataiombea mbele ya mtu yeyote atakayekubali kumsikiliza. Akaniambia mimi ndiye msomi, nikae kwenye mashine. Yeye alisimama nyuma yangu na Mwanaidi alikaa kwenye ukingo wa kiti changu, akila karanga ambazo mwenye kibanda alimpa.

Nilibofya PAKUA. Hesabu ya Mkavuni ikaongezeka moja.

Fomu ilifunguka. Jina la aliyekula: nikaandika hajulikani. Wilaya: Mkavuni. Idadi ya sahani: nikaandika. Mkono ulikuwa unakwenda vizuri. Lazima mjue kwamba katika shule yetu kuacha nafasi wazi kwenye karatasi ni dhambi kuliko kuiba. Tangu kidato cha kwanza tunachapwa kwa nafasi wazi. Ukiona mstari mtupu unaujaza kabla akili haijafika. Siku ya kupakua: Jumamosi. Muda: kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Mashine: namba sita.

Mama mdogo husoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kidole chake kilipita juu ya bega langu, kikatua kwenye kioo cha kompyuta, kikatembea hadi mwisho wa mstari na kusimama hapo.

"Kastuli. Nani amekwambia ilikuwa Jumamosi?"

Nilisema nimekisia. Alisema sawa. Akauliza na hiyo namba sita nimeikisia pia? Nilitaka kusema shule nyingi zina mashine namba sita, na ni kweli zinazo. Lakini kidole kilikuwa bado kwenye kioo, na nilikijua kidole hicho. Kilikuwa na kovu la mwiko wa moto tangu mwaka nilipohamia kwake.

Nikafuta hajulikani. Nikaandika Kastuli, jina la baba, jina la babu, shule, kidato cha tatu B.

Yeye hakupiga kelele wala hakunipiga. Mwenye kibanda alijifanya anapanga waya. Nilimweleza mama mdogo yote kwa haraka, kwamba ulikuwa mzaha, kwamba nilitaka wacheke, sikujua kwamba hawacheki. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia nimalizie, kumebaki mstari mmoja.

Mstari ulikuwa huu: Sababu ya kupakua.

Niliandika: Kuiaibisha serikali.

"Ndiyo yenyewe?" akauliza.

Niliitazama. Ilipendeza. Ilikuwa sentensi ambayo mtu angeweza kuisoma paredi. Na ingekuwa kweli kabisa laiti nisingeifikiria kwa mara ya kwanza Jumatatu, baada ya kusikia Mheshimiwa hakucheka. Jumamosi ile, nikiwa kwenye mashine namba sita, sikuwa naifikiria serikali. Wala sikuichagua Mkavuni kwa hasira yoyote. Niliichagua kwa sababu ndiyo wilaya ambayo vidole vyangu vimezoea kuiandika.

Nikafuta maneno mawili. Nikaandika moja.

Mwanaidi amefika darasa la pili na anasoma kwa silabi. Aliinama karibu na kioo, mdomo umejaa karanga.

"Pi-la-u," akasoma. Akanigeukia. "Lilikuwa na nyama, kaka?"

"Lilikuwa na nyama."

"Ulikula?"

"Nilikula," nikamwambia. "Niliongezwa mara mbili."